Uyoga wa Shingo Ndefu

Hema lile nililipata kwenye mnada wa vitu vya wageni wanaohama Njiro, wale wanaofunga virago ghafla na kuacha nusu ya nyumba nyuma. Nje lilikuwa jeusi, ndani linang'aa kama bati jipya. Lilikuwa na zipu ndefu mbele, tundu la hewa chini, tundu jingine juu, na feni ndogo ya kusukuma hewa ipite. Dalali alidhani ni kabati la nguo. Nilinyamaza, kwa sababu dalali akishajua kitu ni cha kazi gani, bei inapanda papo hapo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kilimo cha uyoga, na hema la namna hiyo nilikuwa nikilitafuta kwa udi na uvumba.

Nyumba yetu iko Sokon One, hapa Arusha. Ni ya tofali za bloku, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini. Chumba cha nyuma kilikuwa cha wageni. Nikatoa kitanda, nikasimamisha hema, nikapanga ndani yake mifuko ya uyoga wa mamama. Mifuko yenyewe ni nailoni iliyojazwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na kupikwa kwa mvuke, yakachanganywa na mbegu ya uyoga. Inakaa gizani mpaka ndani pawe peupe kote, kisha unaichana kidogo, unaipa mwanga na unyevu, na uyoga unachungulia pale ulipochana. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo ni sawa na kuishi na mgonjwa mwenye madai. Ukizidisha joto, uyoga unakauka. Ukizidisha maji, unaoza. Ukiusahau asubuhi moja tu unasinyaa, na hausamehe.

Ndani ya hema nilitundika kipimo kidogo chenye namba mbili, ya juu joto, ya chini unyevu. Namba hizo ndizo zilizokuwa zikiamua kama siku yangu itakuwa njema au mbaya. Asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nimeshafungua zipu na kuchungulia. Baridi ikizidi nilipunguza feni. Unyevu ukishuka nilinyunyizia maji na kulowesha mchanga niliomwaga chini. Mume wangu, anayeuza vipuri vya magari mjini, alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba yeye ni mume mdogo, mume mkubwa ni hema. Nilicheka, lakini alikuwa hakosei sana. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu changu mwenyewe kinachonisubiri namna ile.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mwezi wa saba wa mwaka, Mlima Meru ukiwa umejifunika ukungu wiki nzima na watu wakienda sokoni na makoti. Alikuwa mdogo mno. Nepi ya mtoto mchanga ilimfika makwapani. Tulikaa hospitali mpaka akajua kunyonya, mume wangu akininyunyizia uyoga kabla ya kwenda kazini, na siku ya kuruhusiwa muuguzi hakuniangalia mimi, alimwangalia mama mkwe wangu.

"Bibi," akamwambia, "huyu anataka joto. Baridi hii ya sasa asiionje kabisa."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Tangu dakika ile, nyumbani kwetu hapakuwa na neno jingine ila joto.

Mama mkwe ni Mchaga wa Rombo, mimi ni Mmeru wa Akheri. Mama yangu mzazi angekuja kunitunza, lakini nyonga yake ilikuwa imeharibika na asingeweza kuinama juu ya beseni. Kwa hiyo nikawa wa mama mkwe, na kwa Wachaga mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, hafanyi kitu. Anakaa ndani miezi mitatu. Anakula mtori, ile supu nzito ya ndizi, nyama, maziwa. Hagusi maji ya baridi, haonani na upepo, na siku ya kutoka anatoka amenona, watu wanamwona na kusema huyu ametunzwa. Ni heshima kubwa. Wako wanawake wanaomwomba Mungu mama mkwe wa namna hiyo, na mimi nalijua hilo vizuri, na bado nilitamani kutoroka.

Alianza na dirisha. Alimwambia mwanawe alete selotepu pana, ile ya kufungia maboksi, wakabandika pembe zote za fremu. Chini ya mlango akasokota blanketi kuukuu. Akaniongezea pazia juu ya pazia. Kisha akaleta jiko la mkaa. Ni haki nimseme vizuri hapa: hakuwa mzembe. Jiko aliliwashia nje, uani, akalipepea mpaka mkaa ukashika wote, mwekundu, bila hata uzi wa moshi, ndipo akaliingiza na kuliweka karibu na miguu ya kitanda. "Moshi ndio mbaya," alisema. "Mkaa uliokolea hauna neno."

Basi nikakaa. Nilikuwa nimefungwa kanga iliyokazwa tumboni, kofia ya sufu kichwani, soksi miguuni, nikitoka jasho mwezi wa saba Arusha. Simu nilinyang'anywa kwa sababu mzazi akiangalia mwanga macho yake yanaharibika. Kuoga nilioga ndani ya chumba, kwa maji ya moto na kitambaa. Nilijua ni asubuhi kwa sababu muuza maziwa alipita na kengele yake, na nilijua ni mchana kwa sababu shule ya jirani ilitoka. Mtoto alilala kifuani pangu, nami nilikuwa nampenda mpaka naogopa, na wakati huohuo nilikuwa nawaza kuwa kama mtu angenifungulia mlango ningekimbia mpaka Akheri na ile kanga tumboni. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja na hakuna lililomfukuza mwenzake.

Na hema lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule nilioegemea. Nililisikia. Feni yake ilikuwa na mlio mdogo, na nilikuwa nikitega sikio kuusikiliza kama mtu anayesikiliza watoto wake wakicheza nje.

Siku za kwanza nilinyanyuka kwenda kuliona. Mama mkwe alinikamata koridoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kunyunyizia tu, mama. Dakika moja."

"Maji ya baridi? Na mwili uko wazi hivyo?" Akanigeuza mabega. "Ninyi Wameru mna haraka gani? Damu haijakauka mmeshakimbilia shambani. Rudi kitandani."

"Utakufa ule uyoga, mama."

"Ufe uyoga, usife wewe." Kisha akanitazama, na nadhani aliona machozi, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Niambie kinachotakiwa. Nimefuga ng'ombe, nimefuga nguruwe, nimelea wanaume. Nitashindwa na uyoga?"

Ndivyo tulivyoanza. Yeye aliingia chumba cha nyuma, mimi nikabaki kitandani nikipaza sauti kupitia ukutani.

"Namba ya juu inasemaje?"

"Kumi na tano!"

"Baridi hiyo. Ya chini je?"

"Sabini!"

"Nyunyizia, lakini usiupige uyoga wenyewe, nyunyizia hewani!"

"Hewani nitanyunyiziaje, maji yataanguka!"

"Ndiyo, yaanguke!"

Alinuna siku mbili, ya tatu akanogewa. Akaanza kuingia kule bila kuitwa. Nilimsikia akiongea na mifuko, akiisalimu asubuhi, akiigombeza. Akaja kunitolea taarifa kitandani, amesimama wima, mikono nyuma: "Ya juu ishirini na tatu. Ya chini tisini." Nilishangaa. Ishirini na tatu mwezi wa saba! Mimi mwenyewe na ujanja wangu wote nilikuwa sijawahi kuifikisha huko wakati wa ukungu. Nilimsifu, na kusema kweli niliona wivu. Kazi yangu ilikuwa inafanywa na mtu mwingine na ilikuwa inafanywa vizuri kuliko nilivyoifanya mimi. Mwanamke aliyefungiwa ndani haombi mengi, lakini anaomba angalau pengo lake lionekane.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Sikuusikia tena ule mlio wa feni. Nilidhani ni masikio yangu, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma.

Kiliniuma hivi: asubuhi kidogo, mchana sana, na nikipelekwa msalani mwisho wa korido kinapungua. Nikirudi, kinarudi. Tumbo nalo lilichafuka, mtori ukawa haushuki. Mama mkwe alisema ni maziwa yanapanda. Yeye mwenyewe alikuwa akishika paji la uso, akasema presha yake imesikia baridi, akaongeza mkaa. Mtoto ndiye pekee aliyekuwa hana shida. Alilala. Alilala vizuri mno. Ilibidi nimtekenye nyayo ili anyonye, naye ananyonya mara mbili tatu kisha anasinzia tena, chuchu mdomoni. "Mtoto mpole," alisema mama mkwe, "kama baba yake." Wageni waliokuja kuona mtoto walisimama mlangoni, wakamsifu kwa upole wake, wakanyweshwa chai sebuleni.

Mchana mmoja wa manyunyu mama mkwe aliingia amebeba bakuli, amelifunika kwa mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Fumba macho."

Nikafumba. Akaniwekea bakuli mapajani.

"Fumbua. Tumevuna!"

Nilifumbua nikaangalia. Ulikuwa uyoga, ndiyo, lakini siyo ule ninaoujua. Mamama ni uyoga wa kofia pana, inafunguka kama kiganja, na kishina chake ni kifupi, karibu hakionekani. Huu ulikuwa na shingo ndefu, nyembamba, zimejikunja na kupanda juu, na kofia zake zilikuwa ndogo kama vichwa vya misumari.

"Umerefuka, unaona?" alisema. "Umekua!"

Nilikuwa na ukungu kichwani kama ule wa nje. Nilijua kuwa najua kitu, lakini hakikuja upesi. Nilikiona darasani kwanza: mwalimu wetu wa mafunzo, mama mmoja mwenye sauti ya ukali, amenyanyua juu uyoga wa namna hiyo hiyo, wanafunzi tunacheka. Uyoga unapumua kama ninyi, alisema. Ukiona shingo inarefuka na kichwa kinakuwa kidogo, msilaumu joto wala unyevu. Kosa ni hewa. Unanyoosha shingo kutafuta pa kupumulia.

"Mama," nikasema, "feni ya hema inafanya kazi?"

"Ile ya upepo? Niliizima. Inawapuliza." Alisema *inawapuliza*, kama watu. "Na yale matundu nimeziba kwa kanga."

"Lakini joto umelipata wapi?"

"Kwa jiko," alisema, akishangaa swali. "Asubuhi nalipeleka kule linawapasha, kisha nalileta kwenu. Ni hilo hilo moja."

Nikaangalia miguuni pa kitanda. Jiko lilikuwa pale, jekundu, limetulia, halina moshi hata kidogo. Nikaangalia dirisha na selotepu yake. Nikaangalia blanketi chini ya mlango. Joto lilikuwa zuri, unyevu ulikuwa mzuri. Kile kipimo changu hakikuwa na namba ya tatu. Kisha nikamwangalia mtoto, na nikaona kwamba tangu bakuli liingie, na sisi tukiongea juu ya kichwa chake kwa sauti, hakuwa amejitikisa.

Nilimnyanyua, na kichwa chake kikaanguka nyuma ya mkono wangu. Sikupiga kelele. Nilishuka kitandani, uyoga ukamwagika sakafuni, nikaukanyaga. Nilifika koridoni nikishika ukuta, sebuleni, mlango mkubwa, nikatoka nje barazani. Manyunyu yalinipiga usoni. Ilikuwa mara ya kwanza niguse hewa ya nje tangu tutoke hospitali, na nilimeza hewa ile kwa kelele kama mtu aliyetolewa majini.

Mama mkwe alinifuata mbio na blanketi.

"Unamuua!" alipiga ukelele. "Baridi! Unamuua mjukuu wangu!" Akashika miguu ya mtoto, mimi nimeshika kifua, tukavutana pale barazani, yeye na mimi, mchana kweupe, jirani anayefua upande wa pili wa ua amesimama na nguo mkononi. Sikuwahi kumwinulia sauti mama mkwe kabla ya siku ile. Siku ile nilimwambia, "Niachie mwanangu!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na nikamsukuma kwa bega.

Aliachia. Nilidhani ni kwa sababu nimemsukuma, lakini alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa, akatapika.

Nilimsugua mtoto mgongo. Nilimpulizia usoni. Nilimwita kwa majina yote ninayomwita, na mengine nikayatunga papo hapo. Sijui ilichukua muda gani na sitaki kujua. Kisha uso wake ukakunjamana, akafungua mdomo, na sauti haikutoka, halafu ikatoka. Alilia kwa hasira, mdomo wazi, manyunyu yakimwingia. Huyo mtoto mpole. Nililia naye, na jirani akaruka ua akaja na kitenge kikavu, akatufunika, ndiye aliyempigia simu mume wangu.

Hospitalini walimwekea mtoto mipira ya oksijeni puani, na mimi nikapewa yangu, na mama mkwe yake. Mimi na yeye tulilala vitanda viwili vilivyopakana. Daktari alikuwa binti mdogo, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlikuwa na jiko ndani?" Mume wangu akajibu ndiyo, lakini halikuwa na moshi. Daktari akasema hewa mbaya ya mkaa siyo moshi. Haionekani na hainuki, inakulaza tu. Akasema mtoto mdogo kama huyu angebaki humo mpaka jioni, asingeamka. Alisema kwa upole, akigeuka kwetu sote, lakini nilimwona mama mkwe akifumba macho.

Tukarudi nyumbani. Mtoto alikuwa mzima, analia kama watoto wengine, ananyonya mpaka ananiumiza. Selotepu mume wangu aliibandua yote. Nilibaki ndani bado, maana mwili wangu ulikuwa haujapona na baridi ilikuwa baridi kweli, mtoto namvika matabaka na kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, ndilo joto walilotufundisha. Dirisha lilikaa wazi upana wa kiganja. Mama mkwe alipika, alifua, aliniogesha. Chumba cha nyuma hakuingia. Nilimwambia hakukusudia, nilimwambia muuguzi mwenyewe ndiye aliyesema joto. Aliitikia "mm" na kuendelea kumenya ndizi. Nilidhani ni aibu ya kusukumwa na mkamwana mbele ya jirani, nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

Mchana mmoja aliketi kwenye ukingo wa kitanda, mgongo wake kwangu.

"Nyumba ya nyasi," akasema, "ile ya zamani ya kwetu. Moto unawaka katikati, mchana na usiku. Mzazi analala pale pale na mtoto. Moshi mpaka macho yanatoka. Mbona watoto hawakufa?"

Nilimjibu nilichokijua. Nyasi zinapumua, nikasema. Hewa inapita juu, inapita ukutani. Ni nyumba hizi zetu za simenti na dari ndizo hazipumui.

Kisha akaniambia jambo ambalo mume wangu mwenyewe hakulijua lote.

Kabla ya mume wangu alizaa mtoto mwingine, wa kiume. Wakati huo baba mkwe alikuwa na kazi Moshi, na alikuwa amejenga nyumba ya kwanza ya bati na simenti kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, akaipiga dari ili iwe kama ya padre. Mtoto alizaliwa wakati wa baridi. Wakafunga madirisha, wakaingiza jiko, mkaa uliokolea. Dada wa baba mkwe, yaani wifi yake mama mkwe, aliishi ng'ambo ya ua, katika nyumba ya nyasi, na watoto wake wote wazima, weusi kwa moshi. Akaja kumwona mtoto. Akamshika, akasema, huyu kanenepa. Asubuhi mtoto hakuamka.

"Tulisema ni jicho baya," mama mkwe alisema. "Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nilisema, watoto wake wanaishi kwenye moshi na majani, wangu anafaje kwenye nyumba nzuri? Ukoo wote ukasikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mtoto amshike. Mume wako amekua nikimkataza hata kunywa maji kwake. Mpaka leo yuko pale, ng'ambo ya ua, mzee. Akiona mjamzito njiani anageuza uso mwenyewe."

Akageuka akanitazama.

"Ni jiko?"

Nilitaka kumdanganya. Naapa nilitaka. Uongo ulikuwa mdomoni tayari, kwamba zamani ilikuwa tofauti, kwamba watoto walikuwa wanakufa kwa mengi.

"Sijui, mama," nikasema. "Huenda."

"Unajua," akasema, akaondoka kwenda jikoni.

Kesho yake nilimwona kupitia dirishani akiwa uani kwa jirani, akiongea naye. Ua wa jirani una masale, ile mimea ya majani marefu. Akachuma jani moja, akalifunga fundo polepole. Kwa Wachaga, ukimpelekea uliyemkosea jani la sale lenye fundo, hawezi kulikataa. Hata kama umemwulia ndugu, lazima alipokee. Kwa kawaida hulipeleki mwenyewe, unamtuma mtu mzima wa kukuombea. Nilimwambia hivyo alipoingia ameshavaa koti. Nilimwambia pia apige simu kwanza, asiende tu.

"Sale halisemwi kwa simu," akasema. "Na nimtume nani? Kila ninayemjua nilishamweleza kuwa yule ni mchawi."

Mzazi haachwi peke yake, ni yeye aliyenifundisha hivyo. Aliniacha. Aliweka mtori kwenye chupa ya chai, akamwomba jirani anichungulie, akanifunga kanga tumboni vizuri, akaenda stendi kupanda basi la Rombo. Nilitamani kumsindikiza na sikuweza hata kufika getini. Nilibaki na mtoto na dirisha langu la upana wa kiganja, na siku zile nilimwogopea kuliko nilivyowahi kujiogopea mimi.

Alirudi na vumbi la safari kwenye viatu. Alinawa, akamshika mtoto, akamnusa kichwa, akakaa. Nilimwacha anywe chai ndipo nikauliza.

"Amelipokea?"

"Amelipokea."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa anachambua maharage. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaliweka juu ya meza, akaendelea kuchambua." Mama mkwe alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. "Nilisimama pale mpaka akamaliza beseni lote. Hakuniambia keti."